Neno la Waryam Singh Mbele ya Kitabu

Wilaya nzima haikuwa na mwanasiasa wa maneno machache kama Waryam Singh wa kijiji cha Chak Sitini na Tatu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wenzake waliropoka. Waliahidi barabara, wakaahidi shule, wakaahidi maji ya mfereji mpaka kwa watu ambao mashamba yao yalikuwa juu ya kilima, na watu waliwasikiliza huku wakitafuna miwa. Waryam alikuwa akisimama, anasema neno moja, anakaa. Na watu walirudi makwao wakijua kwamba neno lile litatimia, wapende wasipende.

Sifa hiyo hakuzaliwa nayo. Ukimwamini mama yake, alizaliwa na hasira na uvivu. Baba yake alitoka upande wa Amritsar wakati Waingereza walipochimba mfereji na kugawa ardhi ya nyika, akaja na fahali wawili na jembe, akang'oa migunga kwa mikono mpaka ngozi ya viganja ikawa kama ya kobe. Mwanawe alipenda zaidi kukaa gurdwara, hekalu letu Masingasinga, akibishana. Zilipofika zile siku za vilemba vyeusi, za kudai gurdwara zirudi mikononi mwa waumini, kijana akajiunga, akakamatwa, akafungwa. Gerezani mlinzi alimvua kilemba na kukitupa pembeni. Waryam akasema hatakula mpaka arudishiwe kilemba chake. Hakuongeza jingine. Siku ya kumi na tisa walimletea kilemba kikiwa na vumbi lake, akakifunga mwenyewe, kisha akaomba mkate.

Alitoka amekonda kama unyasi na jina lake limeenea. Kutoka hapo mambo yalikuja yenyewe: kamati ya gurdwara, halmashauri ya wilaya, na mwaka wa elfu moja mia tisa arubaini na sita, baada ya kushindwa mara moja, kiti katika Baraza la Mkoa kule Lahore.

Kiti hicho alikipata kwa kumcheka mtu, na hili lazima lisemwe. Mpinzani wake, Sardar Jaimal Singh, mwenye gazeti dogo pale mjini, aliwahi kuweka ahadi kwa dua ya Ardas mbele ya Kitabu kitukufu, kisha akairudisha. Kwetu mtu harudishi ahadi ya namna hiyo kimyakimya. Anakwenda mbele ya waumini watano waliokunywa amriti, maji matakatifu ya kiapo cha dini, anasimama mlangoni penye viatu vya waumini, kitambaa shingoni, mikono ameifumbata, anakiri. Watano wanamfungua, wanampa adhabu. Jaimal Singh alipewa kusugua vyombo vya jikoni gurdwara siku saba. Waryam alizunguka wilaya nzima akiuliza swali moja tu: "Mnataka mjumbe, au mnataka msugua sufuria?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakampigia kura. Na yeye, mjinga wa watu, akaamini kwamba kucheka kule kulikuwa kwa kumpenda.

Basi ikafika Baisakhi, sikukuu ya mavuno, ya mwaka uliofuata. Ngano imevunwa, watu wamejaa uani mwa gurdwara, na kila kinywa kinazungumzia nchi kukatwa vipande viwili, kimoja kiwe cha Waislamu. Mstari utapita wapi? Hakuna aliyejua. Waryam alisimama mbele ya Kitabu, akamwomba Bhai Thakar Singh, msomaji wa gurdwara, amfanyie Ardas. Wote wakasimama, mikono imefumbatwa. Naye akatia neno lake katikati ya dua: hakuna mtu wa Chak Sitini na Tatu atakayehama kabla yake, na yeye hatahama akiwa hai.

Uwanja ulipasuka kwa vifijo. Wanaume walilia. Nihal Kaur, mkewe, alikuwa upande wa wanawake. Alipokuwa akimwekea mkate na mboga ya haradali mchana ule alimwambia, "Umejifunga wewe, sawa. Sisi wengine ulituuliza?"

"Watu walishangilia, mama Pritam. Hukusikia?"

"Nilisikia. Hata fahali wangeshangilia, kwa kelele ile."

Mvua za mwaka ule zilikuja na joto lisilopungua. Mahindi yalisimama vizuri, pamba ilisimama vizuri, na hilo lenyewe liliwatia watu hofu, maana nani atavuna? Katikati ya Agosti redio ya betri ya Waryam ikatangaza mstari. Chak Sitini na Tatu imeangukia upande wa huku, Pakistani, na Amritsar upande wa kule. Watu waliokuwa wamejaa barazani kwake wakamgeukia kwa pamoja. Akazima redio. Akasema, "Nimekwisha sema," na wao wakaitika kwa vichwa, wakaenda kukata majani ya ng'ombe kama siku zote. Moshi ulionekana upande wa kaskazini siku ya pili, na upande wa mashariki siku ya nne. Mbwa waliacha kubweka. Mfereji, ambao maisha yote uliwaletea maji tu, ulianza kuleta vitu ambavyo wanawake waliwakataza watoto kuvitazama.

Jumatatu asubuhi alikuja Chaudhri Nawab Din wa kijiji cha jirani, Mwislamu, mtu ambaye Waryam aligawana naye zamu ya maji ya mfereji miaka ishirini na mitano bila kugombana zaidi ya mara mia. Alikuja kwa baiskeli na hakushuka. Aliweka mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali.

"Shuka basi, unywe lasi," Waryam akamwambia.

"Lasi nitainywa ahera. Wakisikia nimekaa kitako kwako nitachomwa mimi kwanza." Alitazama nyuma. "Waryam, ondoka. Chukua watu wako mwondoke. Wanakusanyika watu nisiowajua, na wengine ninaowajua, hao ndio wabaya zaidi. Kuna mmoja amefika juzi kutoka Amritsar, hana mke, hana watoto, wa kwenu wamemfanyia hayo. Sasa nimwambie nini mtu kama yule? Nimwambie asubiri?"

Waryam alikuwa na la kujibu kuhusu watu wake, lakini halikuwa jibu la kujivunia.

"Pale darajani kuna askari wa kutoka kusini," Nawab Din akaendelea. "Hawajui lugha yetu wala ugomvi wetu. Wapo mpaka Jumapili. Mkipita wao wakiwapo, mtapita. Jumapili wakishaondoka, mimi sijui tena, na wewe usiniulize."

"Nimeweka Ardas, Nawab."

"Najua umeweka. Wilaya nzima inajua. Hata wao wanajua, wanasema yule hawezi kukimbia, tutamkuta." Akakanyaga pedali. Alipofika penye mwarobaini akageuza kichwa na kupiga kelele kwa sauti ya kukasirika, "Mwanaume mzima!" na macho yake yalikuwa yamelowa.

Siku tano na kitu. Kijiji chenye magari ya ng'ombe sitini na nane, wazee, wajawazito, na barabara iliyokuwa tope tupu. Waryam alizifanya hesabu hizo akiwa amesimama palepale, na aliziona zinatosha. Kisha akaingia ndani, akamwandikia barua kiongozi wa chama chake akiomba mwongozo, kana kwamba posta ilikuwa bado inafanya kazi.

Jumanne Bhai Thakar Singh alimfuata mwenyewe. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kikohozi, asiyeogopa mtu yeyote kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa kitu cha kupoteza.

"Sardarji, njia ipo, unaijua. Waite watano. Simama, ukiri, ufunguliwe. Ni nusu saa."

"Ni akina nani waliokunywa amriti hapa kijijini siku hizi?"

"Mimi. Attar Singh seremala. Jawand Singh, yule havildari mstaafu wa jeshi. Sucha Singh mwenye duka. Na Phuman Singh."

"Phuman mfagiaji."

"Phuman Singh," Bhaiji akasema taratibu.

Waryam alitazama ukuta. Alijiona amesimama penye viatu na kitambaa shingoni, na mtu anayefagia zizi lake amekaa mbele yake akimhukumu. Alijua vizuri kwamba dini haimruhusu hata kuliwaza hilo. Lakini lililomkaba zaidi lilikuwa gazeti la Jaimal Singh. Aliuona ukurasa wa kwanza. Aliona hata ukubwa wa herufi: msugua sufuria amepata mwenzake. Dunia inaungua, magazeti yenyewe yamekwisha kufungwa, mchapaji wa Jaimal amekimbia, na mtu mwenye akili zake anaogopa kichwa cha habari!

"Nasubiri jibu la chama," akasema.

"Kutoka wapi, Sardarji? Ofisi yao imeungua."

"Nasubiri, Bhaiji."

Jumatano Sucha Singh mwenye duka hakuonekana. Alikuwa ameondoka alfajiri na mkewe na mabinti wawili, gari moja, bila kuaga mtu. Kijiji kilighadhibika. Waryam alisimama gurdwara akamlaani, na kwa mara ya kwanza maishani alisema maneno mengi: msaliti, mwoga, mtu wa kuvunja mstari. Watu walipiga kelele za kuunga mkono, lakini zilikuwa kelele za watu wanaotazamana pembeni. Alhamisi mchungaji mmoja wa ng'ombe alikuta gari la Sucha karibu na kalvati, maili mbili tu kutoka kijijini. Fahali hawakuwapo. Duka lilikuwa bado ndani ya gari, magunia ya sukari guru yamepasuliwa na nyuki wamejaa. Kuhusu watu wenyewe, mchungaji hakutaka kusema alichokiona, akaenda kunawa mikono mara tatu.

"Mmeona," Waryam akasema barazani. "Anayeondoka peke yake hivyo ndivyo anavyoishia." Lilikuwa kweli, na akiwa analisema alijua ni kweli ya kujifichia. Sucha aliondoka peke yake kwa sababu hakukuwa na wa kuondoka naye.

Ijumaa asubuhi aliamka akakuta mitungi. Ilikuwa imepangwa kando ya ukuta wa ua, mitungi yote ya nyumba na ya majirani, imejazwa maji hadi mdomoni na kufunikwa. Nihal Kaur alikuwa ameketi karibu nayo akichambua dengu.

"Maji yote haya ya nini?"

"Ya kunywa na kupikia. Ya siku tatu."

"Kisima kimekauka?"

"Hakijakauka." Aliendelea kuchambua. "Wanawake tumekubaliana kisichotwe tena. Kiachwe kijae."

Hakuelewa. Kisha akaelewa, akakaa chini kwenye udongo. Mkewe alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye dengu.

"Mke wa Attar ameuliza watoto wachanga watangulizwe au wafuate. Bado hatujaamua," akasema. "Wewe umeapa huhami ukiwa hai. Wewe utakuwa na upanga mkononi, utakufa na watu wataimba. Sisi ulituachia kisima cha kujitosa. Sikulaumu, baba Pritam. Nakuarifu tu, ili usije ukachota."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza nauli. Waryam alikuwa amekaa gerezani miaka mitatu, amepigwa, amefunga siku kumi na tisa, na hakuna kitu kilichowahi kumtisha kama mwanamke yule anavyotenga dengu nzuri na mbovu. Alisimama. Alichukua kitambaa cha kufutia uso kilichokuwa kwenye kamba, akakitia shingoni palepale uani, mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia juu ya ukuta, na akaenda gurdwara bila viatu.

Bhai Thakar Singh alimwona anakuja, hakuuliza. Aliwaita wenzake. Seremala akaja na vumbi la mbao kwenye ndevu, havildari akaja, Phuman Singh akaja amenawa mikono na kuvaa shati safi. Wakakaa mbele ya Kitabu. Kisha wakatazamana. Walikuwa wanne. Wa tano alikuwa Sucha Singh.

"Haitoshi," akasema havildari. "Wanne si watano."

"Tutume mtu Chak Sitini na Tano," seremala akasema.

"Chak Sitini na Tano hakuna mtu tena," Phuman akajibu. "Nilipita jana."

Waryam alikuwa amesimama penye viatu, mikono imefumbatwa, na jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Alikuwa amekivunja kiburi chake mwenyewe kuja pale. Kumbe amechelewa kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni yule aliyemlaani juzi.

Bhai Thakar Singh alikohoa kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Bibi Nihal Kaur amekunywa amriti. Alikunywa kabla ya mumewe."

"Mwanamke?" havildari akashtuka. "Amhukumu mumewe?"

"Nionyeshe amriti yake ilitofautiana wapi na yako, Jawand Singh. Nionyeshe, nimwache."

 Nihal Kaur akaitwa, akaja na unga wa dengu kwenye vidole, akajifunika kichwa vizuri, akainama mbele ya Kitabu, akaketi mwisho wa mstari karibu na Phuman. Hakumtazama Waryam kama mke anavyomtazama mume. Alimtazama kama mtu anayesubiri.

"Sema," Bhaiji akamwambia.

Waryam akasema. Aliweka Ardas bila kuuliza watu. Anaomba afunguliwe ili watu waondoke kabla ya Jumapili.

"Ulijua lini kwamba lazima tuondoke?" Nihal Kaur akauliza.

"Jumatatu."

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuja Jumatatu?"

Angeweza kusema barua, angeweza kusema chama. Anayesimama pale haruhusiwi kujitetea, lakini haikuwa sheria iliyomzuia. Alikuwa amechoka.

"Niliogopa kuchekwa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Seremala alifunika macho kwa kiganja. Wale watano wakasogea pembeni, wakanong'ona, na haikuwachukua hata robo saa. Aliyechaguliwa kutamka alikuwa Phuman Singh. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, maana hajawahi kuzungumza na Waryam bila kutazama chini, kisha ikakaa sawa.

"Ahadi imefunguliwa. Adhabu yako ni hii. Utakwenda nyumba kwa nyumba, mwenyewe, kwa miguu, uwaambie watu ulikosea na wafunge mizigo. Na kwa kuwa ulisema hakuna atakayekutangulia, watakutangulia wote. Utatoka wa mwisho."

Waryam aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu Baisakhi, na wepesi huo ulimtia aibu.

Alizunguka mpaka giza likaingia, akarudia alfajiri. Kila mlango alisema maneno yaleyale: nilikosea, fungeni. Wengine walimkumbatia. Mjane mmoja alimtemea mate miguuni, kisha akamwomba amsaidie kushusha kitanda. Jumamosi jua lilipokuwa limepanda kidogo gari la kwanza lilitoka, Bhai Thakar Singh amekaa mbele na Kitabu kichwani kimefungwa kwa shuka nyeupe. Magari yalifuatana moja baada ya jingine, yakizama kwenye tope, yakikwamuliwa, yakizama tena. Daraja lilikuwa maili tatu, jembamba, la kupita gari moja. Kazi ya siku moja. Wana siku moja na nusu, alijiambia, inatosha.

Nihal Kaur alikataa kukaa magari ya mbele. "Mke wa mwenye adhabu akae na adhabu," akasema, akapanda gari la mwisho pamoja na wajukuu wawili na yule mjane.

Waryam alibaki. Alifungua ng'ombe wasioweza kusafiri. Alifunga milango, ingawa hakujua anaifungia nani. Kijiji kilikuwa kimya hata akasikia maziwa ya mtu yakichemka na kumwagika kwenye moto uliosahauliwa. Adhuhuri ilipopita alitoka, akatembea haraka kando ya mfereji, akawafikia nyuma ya msafara. Kwa mbali aliona shuka nyeupe ya Bhaiji upande wa pili wa daraja, na magari mengi zaidi ya hamsini yameshavuka. Alihesabu yaliyobaki huku: kumi na moja. Alishusha pumzi.

Ndipo aliposikia malori.

Yalikuja kutoka darajani, yakiwa yamejaa askari wale wa kusini na mizigo yao, vitanda vya turubai, sufuria, hata kuku kwenye tenga. Yaliwapita upande wa kulia yakirusha tope. Waryam aliinua mikono yote miwili. Ofisa kijana aliyekaa mbele alimwonyesha karatasi kupitia dirishani, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu aliyepewa amri asiyoipenda, na lori halikupunguza mwendo. Amri imebadilika. Leo, si Jumapili. Malori yakapinda kwenye kona ya mashamba ya miwa yakapotea. Na ndani ya miwa ile, upande wa kushoto wa barabara, kunguru waliruka wote kwa pamoja, kama waliokurupushwa na watu.

Watu wa magari kumi na moja walikuwa wamegeuka wanamtazama. Mjane alikuwa amesimama ndani ya gari, ameshika ubao.

"Sardarji, mbona askari wanaondoka?"

Kama jana angekuwa ameulizwa hivyo angesema kweli, kwa sababu hakuwa amewahi kusema jambo jingine. Sasa aliona kwamba wakijua wataacha magari na kukimbia ovyo, watakanyagana penye daraja, watoto wataanguka kwenye mfereji. Wakitembea kwa mpango, matano yatavuka. Labda sita.

"Wanakwenda kuwachukua wa Chak Sitini na Tano," akasema kwa sauti aliyoitumia mikutanoni. "Watarudi sasa hivi. Songeni, mmoja mmoja, msiharakishe ng'ombe."

Kwa kuwa ni Waryam Singh aliyesema, wakaamini. Mjane akakaa chini, akashukuru Mungu, akawaambia watoto wanyamaze kwani askari wanarudi. Nihal Kaur peke yake alimtazama mumewe kwa muda, macho kwa macho. Alijua kutoka kwa Phuman kwamba Chak Sitini na Tano hakuna mtu. Kisha akapokea hatamu kutoka kwa mwendeshaji, akawapigia fahali ulimi, na gari la mwisho likaanza kusogea taratibu kuelekea darajani.